Watu wa Angani Niliowavisha Mimi

Marahaba, wajukuu zangu, marahaba. Naitikia kabla hamjanisalimia, maana vijana wa siku hizi mkiona maandishi marefu mnakimbilia mwisho na shikamoo mnaiacha njiani. Kaeni. Leo nina neno na nyie mnaouza mitumba kwa simu.

Juzi mjukuu wangu Rehema, ambaye duka lake ni kitanda chake kule Kihonda, alinionyesha msanii mmoja mkubwa akisimulia kwamba amekutana na viumbe kutoka sayari nyingine. Dada wa watu analia, anafuta machozi kwa ncha ya kidole ili rangi isichafuke, anasema walikuwa wanang'aa na macho yao ni makubwa kuliko ya binadamu. Rehema akaniuliza, "Bibi, wewe unaamini?" Nikamwambia amuulize walikuwa wamevaa nini, na nani aliwauzia. Akadhani uzee umeniingia. Haujaniingia. Nimekaa kwenye mitumba hapa Morogoro tangu milango ya biashara ilipofunguliwa hadi magoti yaliponigomea, na viumbe wa angani wa kwanza kutangazwa mji huu niliwavisha mimi, kwa mikono hii.

Nyie mmezaliwa mmezikuta nguo. Sisi kulikuwa na wakati ambapo shati moja linakwenda kazini na baba asubuhi, jioni linakwenda harusini na kaka. Kisha ruhusa ikatoka, mabelo ya mitumba yakaanza kuingia, na karibu siku hizohizo kiwanda cha mume wangu kikaanza kupunguza watu. Alirudi nyumbani na kikombe chake cha chai na kufuli la kabati lake, akaviweka mezani, akakaa. Sijasahau lile kufuli. Kesho yake nikaenda sokoni kwa Mzee Tindwa.

Mzee Tindwa alikuwa fundi cherehani aliyeiona mitumba inakuja, akajua hakuna tena wa kushonesha suruali, akaacha cherehani akawa mwalimu wetu. Alitufundisha kwamba belo husomwa kabla ya kufunguliwa. Unalinusa: likinuka sabuni, chukua, likinuka udongo, limelala mahali likanyeshewa, liache. Unaingiza kidole kwenye kona ya gunia na kuvuta uzi mmoja tu, uone rangi na kitambaa. Ukilifungua usikate mikanda yote kwa pupa, kwa sababu belo limebanwa miezi na lina hasira, mkanda unaweza kukuchana uso. Kata mmoja, ngoja lipumue. Kagua kwapa, kagua zipu, kagua mapaja kwa ndani. Mfukoni ingiza mkono mwisho kabisa, na ukikuta kitu usipige kelele. Na usimwambie mteja kwamba nguo ni nzuri, kila mtu anasema hivyo. Mwambie, "Ivue, hiyo si ya kwako," uone kama ataivua.

"Na belo likivimba," alikuwa akisema, "jiulize limekula nini."

Hilo la mwisho ndilo nililolisahau.

Siku moja niliona belo ambalo lilikuwa mara mbili ya wenzake kwa ukubwa, na uzito wake ni uleule. Tamaa ikanipigia hesabu yake: kubwa, laini ukilibonyeza, basi ni mashuka na mapazia. Sikulinusa, sikuvuta uzi. Mzee Tindwa aliniona, akaniacha nilinunue. Alikuwa mwalimu wa aina hiyo, anakuacha ujikwae kwanza halafu ndipo anakuonyesha jiwe.

Nilipokata mkanda wa kwanza, lile belo halikupumua, lilipiga chafya. Zikafumuka ovaroli nene kama magodoro, rangi ya fedha, zina mistari mabegani inayowaka ukiimulika tochi, na kofia zimeshonewa humohumo. Chini yake miwani: mipana, kioo kimoja kutoka sikio hadi sikio, na mpira wa kufungia kisogoni. Siku hizi najua kwamba ni nguo za watu wanaoteleza kwenye theluji. Niliwaona miaka kadhaa baadaye, televisheni ilipoingia mtaani kwetu, nikapiga kelele hadi majirani wakaja. Wakati ule sikujua kitu. Mjini hapa, na joto letu mnalijua, kijana mmoja alijaribu ovaroli moja akatoka humo ameloa. "Mama Siwema," akaniuliza, "unauza nguo au unauza homa?"

Soko zima likacheka. Ndipo Mzee Tindwa akafungua mdomo.

"Nguo haina kosa. Imeshuka kituo kisicho chake. Ipandishe Mgeta."

Nikapanda na lori la mboga, tukapita Mzumbe, tukaanza kuzunguka na mlima. Ilikuwa miezi ya kipupwe, na Mgeta miezi hiyo ukizungumza maneno yanatoka na moshi. Nikatandika turubai kwenye gulio, katikati ya karoti na njegere, na mteja wangu wa kwanza akawa Bibi Koleta.

Bibi Koleta alikuwa mjane, mkulima wa kabichi, mfupi, mdomo mrefu. Gulio zima lilimjua kwa kikohozi chake. Kila kipupwe kifua kilimfunga, na kila mwaka watu walinong'ona kwamba huu hauvuki. Akachagua ovaroli moja, ilikuwa imefumuka bega. Nikaishona palepale kwa uzi wa mara mbili, mshono wa kurudi nyuma, nikakunja na miguu. Akaivaa, akaingiza mikono mifukoni, akasimama. Akajigeuza huku na huku hadi nikaogopa kwamba imembana.

"Mwanangu," akasema, "tangu nizaliwe sijawahi kusimama nje nikasikia niko jikoni."

Kisha akaokota miwani. "Na hii ni ya nini?"

Sikujua. Lakini muuzaji akisema hajui, mteja anahamia turubai la pili. "Ya moshi, bibi," nikajibu. "Unapuliza moto huku umeivaa." Ulikuwa uongo mtupu, nakiri. Bibi Koleta hakuwa mtu wa kuamini maneno, akaenda kwa mama lishe, akainama kwenye mafiga, akaupuliza moto katikati ya moshi wote wa kuni mbichi, akainuka macho makavu. Kabla ya adhuhuri miwani ilikwisha, na ovaroli ikabaki moja tu yenye zipu mbovu. Kuanzia hapo wanawake wa Mgeta walivaa fedha toka kichwani hadi miguuni, na miwani yao hawakuivua hata shambani, kwa sababu ilizuia upepo pia.

Sasa nimlete Kasanda. Kasanda Radi alikuwa mwimbaji wa dansi, na wanawake wa rika langu wakisikia jina lake mpaka leo wanarekebisha kilemba. Bendi yake ilikuwa chini ya kiwanda kimoja, na kiwanda kilikuwa kimewaambia wajilishe wenyewe. Nao vijana wa mjini walikuwa wamehamia disko na kanda za nje. Dansi lilibaki na wazee ishirini na mhudumu wa vinywaji.

Ghafla akatokea gazetini, yale magazeti madogo mapya yaliyokuwa yakichipuka kila wiki. Muuza karoti jirani yangu alitusomea kwa sauti. Eti Kasanda alipanda Milima ya Uluguru kutafuta utulivu wa kutunga nyimbo. Alfajiri, kwenye ukungu, akakutana na viumbe wanne, ngozi ya fedha, macho ya kioo, vichwa vikubwa kama mapipa, wanatembea kwa mstari mmoja. Alipowamulika tochi mabega yao yakawaka. Kiongozi wao akanyanyua mkono akatamka maneno ya lugha isiyo ya dunia hii. Kasanda alipozinduka alikuwa barabarani chini kabisa, na kiatu kimoja mguuni.

Wajukuu zangu, nilianguka juu ya fungu la sketi nikacheka hadi nikashikwa na kwikwi. Vile vichwa vikubwa vilikuwa matenga ya kabichi. Wale wanne walikuwa Bibi Koleta na wenzake wanawahi gulio. Lugha isiyo ya dunia hii ilikuwa Kiluguru, na alichoambiwa bila shaka ni habari za asubuhi.

Sikumwambia mtu ila Mzee Tindwa. Mambo ya mteja hayauzwi. Nikawa nasikia habari na kujichekea peke yangu: ukumbi wa Kasanda umejaa, watu wanakaa madirishani, na kila Jumapili viumbe wanaongezeka. Walikuwa wanne, wakawa saba, wakaletwa na chombo kinachozunguka.

Kicheko kilinikauka siku Bibi Koleta aliposhuka mjini. Alikuja na khanga na kisweta chepesi, anakohoa tangu mwanzo wa soko mpaka kwangu. Wanawake wa Mgeta walikuwa wakishuka na ovaroli zao, vijana wa stendi wanawazingira, wanawapigia miluzi, wanapiga mayowe kwamba wa angani hao wamekuja kuchukua watu. Wengi walikuwa wamezivua. Mtoto wa Bibi Koleta, Deo, kijana mwema lakini mwoga wa maneno ya watu, alikuwa ameichukua ovaroli ya mama yake akaifungia sandukuni.

"Ananiambia familia yetu inaitwa mashetani," Bibi Koleta akasema. Akakohoa, akashika meza yangu. "Mimi sitaki kuandikwa gazetini, mwanangu. Nataka koti langu, na nilivae bila kuzomewa. Usiku kifua hiki kinanifungia mlango."

Niliona aibu. Nilikuwa nimecheka wiki mbili wakati mteja wangu anatetemeka. Nikachukua ile ovaroli yenye zipu mbovu nikaenda moja kwa moja mahali bendi inapofanyia mazoezi.

Kasanda alikuwa peke yake anafuta gitaa. Nikaitandaza ovaroli juu ya ngoma. Aliitazama kama mtu aliyeletewa barua ya kuitwa polisi.

"Umeitoa wapi, mama?"

"Siitoi, naiuza."

Akakaa. Hakujitetea, na hilo lilinipunguza ukali kidogo. Akanieleza kwamba siku mbili za kwanza aliamini kwa moyo wake wote, hata kuswali aliswali. Siku ya tatu akamwona mwanamke sokoni, amevaa fedha mwili mzima, anapunguziwa bei ya chumvi. Akaelewa. Lakini gazeti lilikuwa limeshatoka.

"Na huo utulivu wa kutunga nyimbo?"

Akainamisha kichwa. "Kabichi, mama. Nilifuata kabichi, mke wangu auze. Kasanda Radi na gunia la kabichi begani, nani angekuja kunisikiliza? Nilivyoshtuka nikatupa gunia, na kiatu kikaenda nalo. Sasa nikisema ukweli bendi imekufa. Tuko wanaume wanane, wote tuna watoto."

Nilitaka kumchapa na kijiti cha ngoma. Lakini nikaliona tena akilini lile kufuli la mume wangu juu ya meza yetu, na mkono ukashuka. Hapa kuna bibi anakohoa, pale kuna wanaume wanane. Nikamuuliza kwenu ni wapi, kwa kukosa la kusema tu.

"Tabora," akajibu. "Mimi Mnyamwezi."

Nikachukua ovaroli yangu nikatoka mbio.

Nyie utani mmeufanya picha za kuchekeshana kwenye simu. Utani wetu una sheria. Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukuvua kofia njiani akaondoka nayo, anaweza kukusema mbele ya wakwe zako, na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Maneno ya watani hayapimwi kama ni kweli au si kweli, na hakuna anayetoka hapo na aibu. Kesho yake nilikuwa juu ya lori la mboga tena. Nilimkuta Bibi Koleta amejikunyata kando ya moto, nikamwambia kabila la Kasanda.

"Mnyamwezi?" Aliinuka kana kwamba hana kifua. "Siku zote hizi nakohoa, kumbe ni Mnyamwezi! Mbona hukuanza na hilo?"

Akachukua shoka, akaenda kwenye sanduku la Deo.

Jumapili dansi lilianza mchana kama kawaida yake. Ukumbi umefurika, bendi imepunguza sauti, Kasanda anasimulia, na viumbe sasa ni kumi na wawili. Mlango mkubwa ukafunguliwa. Akaingia kiumbe wa fedha, kofia kichwani, macho ya kioo, tenga juu ya kofia, anatembea kwa mwendo wa mtu anayekwenda gulio. Mayowe yaliyopigwa sijayasikia tena. Watu walipanda viti, baba mmoja mnene akajaribu kutokea dirishani akakwama. Kasanda akageuka kutafuta mlango wa nyuma. Mlango huo nilikuwa nimeuziba mimi.

Bibi Koleta akapanda jukwaani, akainua miwani, akachukua kipaza sauti akakishika kama gunzi la hindi.

"Kasanda! Mtani wangu! Nilikusalimu vizuri asubuhi ile, na mpaka leo hujaniitikia. Ndivyo mnavyolelewa Tabora?"

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, mzee, sauti ya mtu aliyeelewa.

"Mwanaume mzima!" Bibi Koleta akaendelea. "Ameona bibi anasikia baridi, akalia 'Mama yangu!', akatupa gunia la kabichi akapaa. Kabichi zako nimezila. Zilikuwa mbovu. Aliyekuuzia ni shemeji yangu." Akatoa kiatu ndani ya tenga, akakinyanyua watu wote wakione. "Na kiatu sikupi. Utakuja Mgeta ukichukue, kwa miguu yako, na usikimbie."

Macho yote yakahamia kwa Kasanda. Kama angekasirika, kama angebisha, ingekuwa mwisho wake na wetu. Akapiga magoti polepole, akavua kofia yake ya jukwaani, akaitumbukiza kwenye tenga.

"Umenikamata, mtani. Niliwaambia mlikuwa wengi. Kumbe ni wewe mmoja na huo mdomo."

Ukumbi ulipasuka. Hakuna tena aliyeuliza nani alidanganya, walikuwa watani wanachezeana na kila mtu alilijua hilo. Kasanda akaanza kuimba hapohapo, bibi wa fedha, bibi wa kabichi, wenzake wakamfuata kwa magitaa, na Bibi Koleta akacheza ndani ya ovaroli hadi jasho likamtiririka. Wimbo ule uliwalisha wale wanane muda mrefu kuliko viumbe. Deo, aliyekuwa amemfuata mama yake kwa hasira ya sanduku, alirudi Mgeta akiwa amembebea tenga. Na walewale vijana wa stendi walikuja kunililia wapate ovaroli za fedha kama ya bibi. Nilikuwa na moja, yenye zipu mbovu. Kila aliyeijaribu nilimwambia aivue, si ya kwake.

Bibi Koleta aliivaa ovaroli yake kila kipupwe, mchana na usiku, na kila mwaka uliosemwa hauvuki aliuvuka.

Kiatu lakini Kasanda hakukifuata. Kila tukikutana ananiahidi mwezi ujao. Bibi Koleta naye anamtumia salamu kwa madereva wa mboga, mwambieni kiatu chake kinauliza hali yake. Miezi ikawa miaka. Bendi ikafa kifo chake cha kawaida, Kasanda akaanza kutembea kwa fimbo, na nilimgombeza hadi nikachoka. Nadhani alikuwa anaona haya. Mimi mwenyewe nimeacha mambo mengi kwa mwezi ujao, kwa hiyo sina mawe ya kumtupia.

Kisha Deo akanipigia simu. Mama amekwenda, amelala tu hakuamka, kwa uzee, si kwa kifua. Nikampigia Kasanda. Aliposikia, alikata simu.

Siku ya mazishi Mgeta ilikuwa na ukungu. Tumekaa msibani, tukaona mtu anapanda njia kwa fimbo, anasimama, anapumua, anapanda. Alikuwa ameacha gari bondeni. "Alisema kwa miguu yangu," akaniambia alipofika.

Mtani akija msibani ana haki zake. Kasanda akadai nguo za marehemu. Deo akaingia ndani, akatoka na ovaroli, fedha yake imefifia, na miwani, na kiatu kimoja cheusi kwa masizi, kwa sababu kilikaa darini juu ya jiko miaka yote hiyo. Kasanda akavaa vyote. Akajitwika tenga, akatembea mwendo wa Bibi Koleta, akakohoa kikohozi chake, akatutukana kwa mdomo wake. Tulicheka huku tunalia, Deo kuliko wote. Nilikuwa nyuma yake, na kwa mazoea ya kazi nikaangalia bega. Mshono wangu ulikuwa umeshika.

Kaburini akakaa juu ya udongo akanyoosha miguu. Hapiti mtu, akasema, mpaka mtani alipwe. Deo akamletea kabichi moja, kubwa, nzima. Kasanda akaipokea, akaigeuza, akaikagua, akakiri kwamba hii si mbovu. Akainuka. Akainua miwani, akainama karibu na jeneza, na sasa hakuwa anamwigiza mtu.

"Nzuri, mtani," akasema. "Habari za asubuhi ni nzuri."

Akasogea pembeni, nao wakamshusha.